Nilivyoifungua Nadhiri ya Najat Kwenye Makaburi ya Rangi

Niwaambie mapema kabisa: mie sio mtu wa wivu.

Muulizeni mtu yeyote Vingunguti. Wenzangu wanakaguaga simu za wachumba zao mpaka meseji za mtandao wa simu. Mie ni fundi simu, nafungua simu za watu kutwa nzima, na ya Najat wangu sijawahi kuigusa. Roho yangu imetulia, ya baridi, kama maji ya mtungini.

Sasa mtaniuliza, ilikuwaje Alhamisi moja jioni, jua bado lipo, nikajikuta nimelala kifudifudi katikati ya makaburi mawili, moja la pinki, moja la bluu, siafu wananipanda kwenye suruali, na mdomoni nimeng'ata kitambaa nilichokichomoa kwenye kaburi la mtu?

Kaeni niwape kisa.

Naitwa Twaha. Najat ni fundi cherehani, ana kibanda chake Tandika. Tulikuwa na mwaka na miezi minane. Binti mpole, anacheka kwa kuziba mdomo, na ukimpa kitenge kilichochanika anakurudishia gauni.

Kila akigusia habari ya barua ya posa, mie namletea mzaha.

"Twaha, nyumbani wananiuliza."

"Waambie mzigo upo bandarini, unasubiri ushuru."

Anacheka, anaziba mdomo, yanaisha. Mie najua yameisha.

Ishu ilianzia kwenye Alhamisi. Kila Alhamisi, kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi, simu ya Najat inazimwa. Nikimuuliza ananiambia ana kazi za watu, hataki kusumbuliwa.

Nikamsimulia Benson. Benson anauza makava ya simu meza ya pembeni yangu, kijana wa Mbeya, mdomo wake hauna breki.

"Kwani cherehani siku hizi inatumia laini?"

"Anasema asisumbuliwe."

"Mwanangu," Benson akaniwekea mkono begani kama ananipa pole ya msiba, "mtu akizima simu siku ileile, saa zilezile, kila wiki, hiyo sio betri. Hiyo ni ratiba."

Nikacheka. Nikamwambia mie sio mtu wa wivu.

Halafu nikageuka nikabandika kioo cha simu ya mteja juu chini.

*

Alhamisi iliyofuata nilijibanza mtaa wa pili kutoka kibandani kwake. Alasiri ilipoadhiniwa, Najat huyo, katoka. Mtandio mweupe, mfuko mkononi. Akapanda bodaboda.

Nami nikadaka yangu.

"Ifuate ile boda. Ila usiifuate sana."

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Braza, hii ni polisi au mapenzi?"

"Mapenzi."

"Basi shikilia vizuri."

Tukapita Mbagala, tukaingia Toangoma, lami ikaisha, ikaja vumbi. Kila kona nilikuwa najiambia hapa ndipo kwa mteja, hapa ndipo kwa shangazi yake. Boda yake ikasimama mbele ya ukuta mfupi. Yangu nikaisimamisha mbali kidogo, nikaenda kwa miguu.

Nilipochungulia juu ya ukuta, wallahi nilidhani ni chekechea.

Rangi! Njano, kijani, pinki, bluu, zambarau. Kisha nikaona vibao vya kichwani, nikajua ni makaburi. Mamia. Kaburi moja limebandikwa sahani za maua pande zote. Lingine lina madoa kama kanga ya kisutu. Lingine njano na kijani tupu, nikajua aliyelipaka ni shabiki wa timu ya Jangwani, hakuna mjadala.

Upande mmoja kuna jengo jeupe, ndiyo zawiya, nyumba ya dhikri ya watu wa pale. Dufu linapigwa taratibu, ubani unanukia. Katikati ya makaburi kuna moja limeezekwa bati, limezungushiwa nondo, na kwenye nondo pamefungwa vitambaa. Vingi mpaka nondo hazionekani.

Sasa nielezee kitu. Mie mzee wangu ni mtu wa msikiti usiotaka habari za makaburi hata kidogo. Nimekulia humo. Na mie, kwa huu mdomo wangu, nilikuwaga nawacheka watu wa ziara mbele ya Najat. "Hao wanapiga simu kwa marehemu, mtandao haupatikani." Najat alikuwa ananyamaza. Nikidhani ananyamaza kwa kukubali.

Basi nikamtafuta kwa macho. Nikamwona.

Nikamwona na brashi ya rangi mkononi, kachuchumaa kwenye kaburi. Pembeni yake, jamaa.

Jamaa mrefu, kanzu kaikunja mikono, ndevu zimechongwa kama kwa rula. Wanapaka pamoja, wanacheka. Najat anacheka bila kuziba mdomo! Jamaa shavuni kajirushia rangi. Najat akashika ncha ya mtandio wake, akamfuta.

Mwaka na miezi minane, mie jasho langu sijawahi kufutwa hata kwa tishu ya chipsi.

Kuna kitu kikanipanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikaja kukaa kwenye masikio. Yakawa ya moto. Ile roho ya mtungi ikachemka mpaka kifuniko kikaruka.

*

Getini kulikuwa na mama anauza ubani na marashi ya waridi. Bi Shamimu. Nilikuja kujua ndiye anayeshika funguo za pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kufunga au kufungua?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia ni sinema. Hapa watu wanakuja na shida zao."

Nikanunua ubani wa buku ili anipe maneno. Akanipa.

Lile kaburi la bati ni la Bi Chausiku. Zamani hizo, maiti ikikosa mwenyewe, haina ndugu wala jamaa, Bi Chausiku anaitafutia sanda na kuizika kwenye shamba lake. Shamba ndilo hilo, na hao wote waliolala humo walikuwa hawana mtu. Alipofariki naye akazikwa katikati yao.

"Sasa mtu mwenye haja yake anakuja hapa anamwomba Mungu," Bi Shamimu akasema. "Anayetoa ni Mungu, usije ukaenda kusema tumekufundisha vingine. Anafunga kitambaa, iwe nadhiri yake. Haja ikijibiwa, anarudi anakifungua kwa mkono wake, kisha anachagua kaburi moja la hao wasio na mtu, analipaka rangi aipendayo. Ndiyo shukrani."

Nikayatazama upya yale makaburi. Kumbe kila rangi ni mtu aliyepata alichoomba.

"Na wale wawili pale?" Nikajifanya nauliza kama mtalii.

"Yule kijana anaitwa Anwar. Leo kafungua cha kwake. Aliomba mke, kapata."

Masikio yakaongeza moto.

"Mke gani?"

"Mke! Kwani wako wa aina ngapi?" Akageuka kumpimia mteja udi.

"Na yule binti?"

"Yule bado. Cha kwake kile pale, cha maua ya zambarau."

Nikakitambua. Ni masalia ya gauni aliloshona la Idi. Nilikuwepo siku anakata kile kitambaa.

"Hivi mama, kikidondoka chenyewe kabla ya haja kujibiwa, inakuwaje?"

Bi Shamimu akashusha sauti. "Wakubwa wetu walisema kikidondoka, jambo hilo halina heri. Mtu aliache."

Aliache.

Jamani, mtu mwenye akili timamu angesikia hapo habari ya imani ya watu. Mie nilisikia njia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Anwar kaomba mke, kapata. Najat naye kaomba, na wanafutana rangi mashavuni. Kwa hiyo haja ya Najat ni kuolewa na Anwar. Kitambaa kikidondoka, Najat atamwacha Anwar. Mie sijagombana na mtu, sijapiga mtu, amekataa marehemu.

Nilijiona nina akili kuliko Dar es Salaam nzima.

Dufu likaongezeka, watu wakaanza kuingia zawiyani kwa dhikri. Najat akanawa mikono, akaingia upande wa wanawake. Anwar sikumwona alikopita. Bi Shamimu naye akaingia. Uwanja mweupe.

Nikaangalia kulia. Nikaangalia kushoto. Nikaangalia nyuma. Marehemu tu.

Fundi cherehani akifunga fundo, amefunga. Kucha zilishindwa. Nikatoa bisibisi yangu ndogo ya kufungulia simu, nikalichokonoa lile fundo jasho linanitoka. Likaachia. Mara nikasikia kandambili zinakuja. Nikakibana kitambaa kwa meno, nikajitupa chini katikati ya pinki na bluu.

Ni mama mmoja alisahau chupa ya maji. Akaichukua, akarudi ndani.

Nikainuka, nikajikung'uta siafu, nikaondoka natembea kama mtu aliyetoka kununua mkate.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Najat akatokea kazini kwangu. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Macho yamevimba. Benson alipomwona akajifanya anapanga makava, lakini masikio kayaacha kwetu.

"Twaha, mie na wewe tuishie hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Unasemaje?"

"Nakuambia kwa heshima, maana hujanikosea kitu." Akakaa kwenye benchi la wateja, kaegemea droo za meza yangu. "Kuna mahali naendaga Alhamisi. Nilikuficha kwa sababu ungenicheka. Sie kwetu tunaenda kwa Bi Chausiku tangu bibi yangu yupo hai. Niliweka nadhiri, miezi mitatu sasa. Wiki hii Anwar cha kwake kimejibiwa, anaoa Kawe mwezi ujao..."

"Anwar anaoa Kawe?"

"Ndugu yangu wa kunyonya. Mama yangu alilazwa mie mchanga, mama yake akaninyonyesha na mwanawe, titi moja yeye, titi moja mie. Nilikwenda kumsaidia kupaka kaburi lake la shukrani, nina furaha, nasema na mie changu kitafuata." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Jana baada ya dhikri nakwenda kukiangalia, hakipo. Kimedondoka, hata chini hakionekani."

Ndugu wa kunyonya. Wale hata kuoana ni haramu.

"Uliomba nini, Najat?"

Akanitazama kama namuuliza jua linatokea wapi.

"Niliomba wewe. Niliomba uache mzaha, ulete barua nyumbani."

Kitambaa chenyewe nilikuwa nacho palepale, kwenye droo ya skrubu. Nyoosha mkono, fungua, toa, sema. Sekunde nne. Nikafungua mdomo, wenzangu, nia ninayo kabisa.

Kikatoka hiki:

"Labda mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wanakulaga vitambaa. Wale wanaoletwa machinjioni hapa, juzi mmoja kala kava la simu la Benson."

Benson akainua kichwa. "Mie?"

Najat akasimama taratibu. Hata hasira hakuwa nayo. "Unaona, Twaha? Hata leo." Akajifunga mtandio vizuri, akaondoka.

Benson alisubiri apotee kwenye kona. Kisha akaja akaifungua ile droo mwenyewe, maana nilishamwambia kila kitu asubuhi ile nikijisifu.

"Mpelekee. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ataniacha."

"Si ameshakuacha?"

"Akiniacha kwa sababu ya kitambaa, naachika na heshima yangu. Akijua niliiba mimi, tena kwa kumwonea wivu ndugu yake wa kunyonya, nabaki na nini?"

"Unabaki umesema ukweli."

"Huo ukweli utanipikia?"

*

Najat hakupokea simu Ijumaa. Jumamosi hakupokea. Jumapili nikapita Tandika, kibanda kimefungwa, jirani yake akaniambia anaumwa kichwa, hali, halali. Jumatatu, Jumanne, kimya.

Na mie badala ya kwenda kusema, nikakaa nikatunga.

Alhamisi asubuhi nikachukua boda mpaka Toangoma. Getini hakuna mtu. Nikakifunga kile kitambaa palepale kwenye nondo, ila chini zaidi, nyuma ya kitambaa kikubwa cheusi. Nikamtumia meseji: "Najat, nimekuja kwa Bi Chausiku kukuombea. Kitambaa chako kipo. Njoo uone mwenyewe."

Alikuja mbio. Kavaa viatu tofauti, nawaambia. Bi Shamimu naye akatoka na funguo zake, na akina mama wengine waliokuwa wanafagia wakasogea.

Nikapiga magoti kama mtu wa ibada. Nikafunua kile cheusi.

"Hiki sicho?"

Najat akakishika. Akakinusa. Akaanza kulia upya, kilio kingine hiki, cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini niliangalia! Niliangalia pote, Twaha!"

"Macho yenye machozi hayaoni, mpenzi. Kilishuka tu, kikajificha nyuma ya mwenzake. Hakijadondoka."

Bi Shamimu akainama akakitazama. "Mbona na mie niliangalia?"

"Mama na wewe ni mtu mzima, miwani umeacha nyumbani."

Akina mama wakacheka. Nikapata moto. Nikasimama, nikatoa hotuba. Nikasema mie Twaha nimekosea kuwacheka watu wa hapa. Nikasema nilipoamka asubuhi nilisikia kitu kinaniambia nenda. Nikasema Jumapili hii barua inaingia nyumbani kwa kina Najat, na mzaha nimeuacha hapahapa kwenye hizi nondo. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja akanimwagia marashi kichwani. Najat ananitazama, uso umefunguka, hajaziba mdomo.

Nikasema moyoni, Twaha, wewe ni kiboko.

"Assalaam aleikum."

Watu wakaachia njia. Anwar alikuwa kasimama nyuma yao na ndoo ya chokaa, sijui tangu saa ngapi.

"Waaleikum salaam, shemeji!" nikamchangamkia. "Hongera ya Kawe!"

Hakucheka. Akaiweka ndoo chini.

"Twaha, nilikuwa nakusubiri useme."

"Niseme nini tena? Si nimeshasema, Jumapili!"

"Alhamisi iliyopita spika ya zawiya ilikuwa inakoroma. Walinipandisha juu ya bati la zawiya kuitengeneza wakati wa dhikri." Akanyoosha kidole kule juu. "Ukikaa pale, hili kaburi lote unaliona. Na sura yako naijua, Najat kanionyesha picha mpaka nimechoka."

Vigelegele viliisha kimoja kimoja, kama taa za mtaa umeme ukikatika.

"Sikumwambia," Anwar akasema. "Wiki nzima dada yangu hali, na mie nimekaa na neno mdomoni. Nikasema huyu ni mwanaume, kafanya jambo la kitoto, atalisema mwenyewe. Ungelisema leo, ningebeba ndoo yangu nikaendelea na kazi."

Nikamgeukia Najat. Nilikuwa na mzaha tayari, naapa, ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, kitu fulani cha kuhusu bati na paka. Ukanifia hapohapo.

Najat hakupiga kelele.

"Ijumaa nilipokuja kazini kwako," akasema, "kilikuwa wapi?"

"Najat, nisikilize..."

"Kilikuwa wapi, Twaha?"

"Kwenye droo."

"Droo ipi?"

Watu wote wale, na Bi Shamimu, na Anwar, wananitazama.

"Ile uliyokuwa umeiegemea."

Akakifungua kile kitambaa pale nondoni. Mie nilifunga kifundi simu, kiliachia kwa kidole kimoja. Akakikunja, akakitia mfukoni, akaondoka na Anwar akimfuata nyuma. Mie nikabaki na marashi yananichuruzika mpaka puani.

Barua niliipeleka Jumapili ileile, na mzee wangu nilikwenda naye, baada ya vita vyetu wenyewe vya habari za makaburi. Waliipokea kwa adabu, wakatupa juisi. Wiki ya sita hii, jibu halijatoka.

Ninachowaambia ni hiki. Wivu ukikushika, nenda kamwambie mwenyewe, "nimekuonea wivu." Utachekwa siku moja. Najat kitambaa angenisamehe, aliniambia hivyo kwa simu, mara moja aliyopokea. Alichoshindwa kusamehe ni kile nilichokifanya Ijumaa: alilia mbele yangu, dawa yake ninayo karibu na goti, na mie nikamletea habari za mbuzi.